Pikipiki Iliyong'olewa Jino

Mume wangu ana mguu wa kulia usiotulia. Tukiwa mezani tunakula, gari likipiga honi huko barabarani, ule mguu unakanyaga sakafu, na kukanyaga kwenyewe si kwa mchezo, mpaka maji yanatikisika kwenye bilauri. Mimi ni fundi cherehani, siku nzima nakanyaga, lakini mimi nikikanyaga nguo inashoneka. Yeye akikanyaga anabaki ametoa macho, kama mtu aliyeitwa asijue ni nani kamwita. Kisha anauvuta mguu nyuma, anatazama sahani yake, na sisi wengine tunajifanya hamnazo. Zamani nilikuwa namtania: "Baba watoto, umeshafika, shuka." Nimeacha. Aliyekuwa akicheka ni binti yetu mkubwa peke yake, naye alikuwa akicheka ili utani wangu usidondoke chini.

Kazi yake ni pikipiki. Kijiweni wanamwita Mzee wa Mitungi kwa sababu anabeba mitungi ya gesi, anaifunga nyuma kwa mipira na kuipeleka majumbani kwa watu. Watu wenyewe habebi. Hata asimamishwe na mama mjamzito juani, atampigia mluzi mwenzake aje ambebe, kisha atajisogeza pembeni. Wageni wanadhani ana maringo. Maringo ayatoe wapi? Ni mrefu, mwembamba, mpole, anafuta pikipiki kwa kitambaa kabla hajanawa uso, na sauti yake iko chini mpaka wateja wanamwambia arudie. Kabla ya mitungi alibeba watu, tena alikuwa akitafutwa. Wanawake wenye watoto wachanga walimsubiri yeye, wakawaacha wenzake wapite na pikipiki zao tupu. Nayasema haya ili mumjue alivyokuwa, maana ninayokuja kuyasema baadaye hayampendezi.

Aliyemfanya aache kubeba watu ni mdogo wangu wa mwisho, ambaye hayupo.

Sisi tulimwita Redio, na hakuna aliyewahi kuizima. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba. Akiwa juu ya ngazi na hakuna mtu karibu, alizungumza na ukuta. Akija kwetu kula, sisi tunamaliza, yeye chakula kimempoa mbele yake kwa maneno. Mume wangu asiyesema alimpenda kwa sababu hiyo hiyo. Alikuwa akiniambia shemeji akiwepo yeye hana haja ya kujisumbua. Kila asubuhi alimpakia nyuma akampeleka kwenye nyumba anayoipaka rangi, jioni akamfuata, na njia nzima Redio alimjaza masikio habari za watu.

Sasa kuna jambo la kijiweni kwao inabidi nilieleze. Mtu akinunua pikipiki, kabla hajabeba abiria wa kwanza, wenzake humsindikiza kwa fundi aliye ng'ambo ya barabara. Fundi anachukua spana, analegeza waya wa breki ya mbele mpaka ule mkono wa breki kwenye usukani unaning'inia kama sikio la mbwa. Wanaita kuing'oa jino. Soda zinanunuliwa, makofi yanapigwa, pikipiki imekuwa ya kazi. Asili yake ni mwenzao mmoja wa zamani aliyebana breki ya mbele kwenye mchanga, akarushwa juu ya usukani na kuvunjika shingo. Tangu hapo ikashikwa kwamba breki ya mbele ni muuaji. Breki ni ya mguu, walisema, ya mkono ni pambo. Hapakuwa na mtu wa kuwabishia, kwa sababu aliyevunjika shingo walimbeba wao wenyewe.

Siku ya Redio ilikuwa jioni. Mvua ndiyo kwanza inadondoka, ile ya matone machache inayoamsha mafuta kwenye lami badala ya kuyaosha. Kwenye geti la kiwanda cha mbao lori likatoka kinyumenyume, hakuna mtu nyuma wa kuliongoza. Mume wangu akakanyaga. Tairi la nyuma likakwama, halizunguki tena, likalia, na pikipiki ikaenda ubavuubavu bila kupungua, kama sabuni kwenye sakafu ya bafu. Yeye alidondoka upande huu akachubuka kiwiko. Mdogo wangu alikwenda na pikipiki mpaka chini ya mkia wa lori.

Alikuwa katikati ya hadithi. Ilikuwa ya mpangaji fulani aliyegoma kuhama, mwenye nyumba akaja na nyundo kumng'olea mlango. Haikumalizika. Mpaka leo mume wangu anaweza kuwa ananyoa ndevu, au anafunga kamba za viatu, ukamsikia anasema peke yake, "Sijui yule mwenye nyumba aliufanya nini ule mlango." Mara ya kwanza kumsikia nywele zilinisimama. Nimemwomba aache, akaniuliza kwa mshangao, "Kwani nimesema?"

Mahali pale kwenye lami ulibaki mstari mweusi wa tairi. Ndiyo njia yangu ya kwenda kununua uzi, kwa hiyo niliupita kila mara. Mvua kubwa zikaja zikaondoka, mstari upo. Watoto wa shule waliufanya wa kuchezea, mguu mmoja huku, mguu mwingine kule. Siku moja niliinama nikajifanya nafunga kiatu ili niuguse, na nilikuwa nimevaa kandambili. Nilikuwa nauchukia na wakati huo huo naogopa usije ukafutika. Barabara ilipomwagwa lami mpya nilirudi nyumbani nikalia kuliko nilivyolia msibani.

Msibani watu walisema siku yake ilikuwa imefika, nami nikaling'ang'ania neno hilo. Mume wangu pia. Hatukugombana hata mara moja juu ya kifo kile, na ndugu zangu wakatusifu kwa uelewano. Lakini pikipiki ile ilipokwenda kwa wauza vyuma chakavu na yeye akapata nyingine, kitu cha kwanza alichofanya ni kuipeleka kwa fundi ing'olewe jino. Safari hiyo hapakuwa na soda. Mimi nilikuwa dirishani kwenye cherehani yangu, nikamwona amesimama pale kwa fundi, ameuangalia ule waya ukilegezwa kama baba anayemshikia mtoto achomwe sindano. Nikaelewa. Kuuacha umekazwa ingekuwa ni kukubali kwamba hata ule wa kwanza ulitakiwa uwe umekazwa, na akishakubali hilo, ataishi vipi na mimi, na mimi nitaishi vipi na yeye? Basi waya ukalegezwa, nikarudi kwenye pindo la sketi niliyokuwa naishona, na maisha yakaendelea.

Yangeendelea hivyo hivyo kama si binti yetu. Alipomaliza shule alikaa nyumbani mpaka akaanza kunirekebishia namna ya kufagia, nikajua huyu sasa anahitaji kazi. Akaipata kwenye duka kubwa la dawa: kuwapelekea wagonjwa dawa kwa pikipiki. Kuendesha alishajua, alijifunza kwa kumwibia baba yake funguo. Lakini duka lilikuwa na mwalimu wake, na hakuna aliyekabidhiwa pikipiki ya kazi kabla hajapita kwake kujifunza mambo mawili: kusimama kwa dharura, na kuidhibiti pikipiki inapoteleza. Mafunzoni uende na pikipiki yako. Yake ilikuwa ya baba yake.

Siku ya kwanza alirudi mapema, amefura.

"Mwalimu kashika breki ya mbele akacheka," alisema, akitupa kofia ngumu kwenye kochi. "Kaniuliza hii pikipiki ni ya kupanda au ya kupigia picha. Anasema nisirudi mpaka ikazwe."

Mume wangu alikuwa anamenya chungwa. "Breki ya mbele inaua," alisema.

"Baba, mwalimu anasema—"

"Mwalimu wako hajazika mtu. Usirudi huko. Kazi nyingine zipo."

"Zipo wapi? Nimeuzunguka mji mzima." Akatazama baba yake, akanitazama mimi, na sauti ikamshuka. "Sawa. Nitawaambia nimeshajua, wanijaribu hivyo hivyo. Nitatumia mguu, kama wewe."

Hakukusudia ubaya. Alikuwa mdogo mjomba wake alipofariki, na kwetu jambo lile halizungumzwi. Lakini yale maneno mawili ya mwisho yalitua kwenye kile chumba na hakuna aliyeweza kuyaondoa. Mume wangu aliendelea kulimenya chungwa mpaka likaisha ganda, akaliweka mezani bila kulila. Mimi nilikuwa nimeshamwona binti yangu chini ya mkia wa lori, na viatu vyake vile vyeupe. Nilimwona wazi kabisa, mchana kweupe, akiwa amesimama mbele yangu mzima.

Mimi si mtu wa kumung'unya maneno, ila siku ile nilikosa maneno, nikabaki na mikono. Asubuhi yake, mume wangu alipoingia kuoga, niliitoa pikipiki uani nikaisukuma mwenyewe mpaka kwa fundi. Ni nzito jamani. Watu wa kijiweni walinitazama vinywa wazi, mmoja akauliza kama mama mitungi ameanza zamu.

"Kaza waya wa mbele," nilimwambia fundi.

Fundi akafuta mikono kwenye suruali, ingawa suruali ilikuwa chafu kuliko mikono. "Mwenyewe amekubali?"

"Mwenyewe ni mimi."

"Dada, mambo ya kijiweni unayajua. Yule bwana—"

"Fundi," nikamwambia, "ile ya kwanza uliilegeza wewe. Na hii umeilegeza wewe. Na anayeipanda leo ni mwanangu. Kaza."

Alichuchumaa. Alitoa waya wa zamani, uliokuwa umeota kutu kwa kukaa bure, akaweka mpya, akafungua gurudumu la mbele akasafisha na breki zenyewe ndani. Alipomaliza alibana ule mkono, tairi likakwama pale pale, na akabaki ameushika kwa muda mrefu. Sikumwuliza anawaza nini. Na yeye alikuwa amebeba jeneza la Redio.

Mume wangu aliikuta pikipiki uani. Alibana breki mara moja tu akaachia haraka, kama imemchoma. Nilikuwa nimejipanga kwa ugomvi, nimefunga hata kanga kiunoni, lakini hakunipa huo ugomvi. Binti alipotoka kwenda mafunzoni akiisukuma pikipiki, mimi nikitembea nyuma yake, tulimwona baba yake anatufuata kwa miguu, mbali kidogo, na kandambili zake za bafuni.

Uwanja wenyewe ulikuwa nyuma ya maghala ya saruji, lami tupu yenye vumbi la kijivu. Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi, mnene, ana filimbi shingoni na sauti ya kuuza mitumba. Alinipokea kama mgeni wa harusi, akanionyesha tofali la kukalia. Kisha akachukua chaki, akachora mstari wa kuanzia breki, na kabla ya kumruhusu mwanafunzi yeyote kupanda alipanda mwenyewe.

"Kwanza mguu peke yake," alipaza sauti. "Kama mlivyofundishwa na mashemeji zenu."

Alikuja kwa mwendo, alipofika kwenye mstari akakanyaga. Tairi la nyuma likakwama na kulia. Sauti ile sikuwahi kuisikia, siku ya Redio sikuwepo, lakini mwili wangu uliijua. Nilishika tofali kwa mikono miwili. Pikipiki ikapepesuka, yeye akatulia juu yake, macho mbele, ikaenda, ikaenda, ikasimama mbali. Nyuma yake mstari mweusi. Mwanafunzi mmoja akaweka alama ya chaki tairi liliposimama.

Akarudi, akaja tena kwa mwendo ule ule. Safari hii alibana mkono na kukanyaga mguu pamoja. Pua ya pikipiki ikainama chini, na ikasimama. Hakuna kelele wala kuyumba. Alama ya pili ikachorwa.

"Unapofunga breki, uzito wote unakimbilia mbele," alisema, akishuka. "Tairi la mbele linakandamizwa chini, ndilo linaloshika. La nyuma linakuwa jepesi, ukilikanyaga peke yake linateleza tu. Sasa kwa nini watu wanarushwa? Kwa sababu wanashtuka, wanabana kwa pupa. Usibane. Kamua, kama limau: unaanza polepole, unaongeza. La mbele likiteleza, achia papo hapo, kamua upya. La nyuma likiteleza, punguza mguu, na usitazame unachokiogopa. Pikipiki inakwenda kwenye macho yako."

Wanafunzi walikuwa wanacheka na kusukumana. Mimi nilikuwa natazama nafasi iliyopo kati ya zile alama mbili. Lori zima lingeenea pale, na nafasi ingebaki.

Mume wangu alikuwa amesimama ukutani. Nikamwona anaondoka pale, anakuja na kandambili zake mpaka kwenye alama ya karibu. Akasimama juu yake. Halafu akatembea polepole kufuata ule mstari mweusi mpaka kwenye alama ya mbali, akageuka, akatazama alikotoka. Wanafunzi waliacha kucheka bila kuambiwa. Nilitaka kwenda kumtoa pale, na nilitaka abaki pale pale mpaka aone kila kitu. Nilikuwa na hasira naye ya miaka yote, imekuja kwa pamoja imenifika shingoni, na juu ya hasira huruma, sikujua nianze na ipi.

"Mzee, tunaomba njia," mwalimu alisema kwa upole.

Binti yetu alikuwa wa kwanza. Alikuja, akaogopa, akabana kwa pupa. Vumbi la saruji likafanya kazi yake: tairi la mbele likateleza, usukani ukapinda. "Achia!" mwalimu alipiga kelele. "Kamua tena!" Na baba yake, ambaye wateja humwambia arudie, alitoa sauti iliyogonga kwenye maghala ikarudi: "Achia, mwanangu!" Aliachia. Pikipiki ikasimama wima, akakamua upya, akasimama amekenua meno yote, jasho linamtoka. Mume wangu alikuwa ameshika kichwa.

Alipoishusha mikono alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu. "Na kama kuna mtu nyuma?" aliuliza.

"Ukiwa na mtu nyuma, breki ya nyuma inakusaidia kidogo zaidi kwa sababu ya uzito wake," mwalimu alisema. "Lakini inayosimamisha bado ni ya mbele. Huyo abiria atakusukuma mgongoni, jiandae tu. Unataka kujaribu?"

Nadhani angeweza kusema hapana, arudi ukutani, arudi kwenye mitungi, na mimi nirudi kwenye lile neno la msibani, kwamba siku yake ilikuwa imefika. Akamgeukia binti akaomba kofia ngumu.

"Nani atakaa nyuma?" mwalimu akauliza wanafunzi. Kila mmoja akatazama viatu vyake.

Nikainuka kwenye tofali. Nilifungua kanga kiunoni nikaiacha pale, nikavaa kofia ya mwalimu, nikapanda.

"Mama watoto, shuka," mume wangu alisema bila kugeuka.

"Sishuki."

"Nikikosea je?"

"Utakosea na mimi."

Nilimshika kiunoni. Tangu mdogo wangu, hakuna binadamu aliyewahi kukaa hapo nyuma yake. Tulikwenda mpaka mwisho wa uwanja, tukageuka, akaongeza mwendo. Upepo ukaingia kwenye kofia, na nilijua kwamba hivi ndivyo Redio alivyokuwa akiona: bega hili, shingo hii, kola hii niliyoishona mimi. Mstari wa chaki ukaja. Nikasubiri ile sauti ya tairi, mwili mzima umekaza kuisubiri.

Haikuja. Kifua changu kilimgonga mgongoni, pua ya pikipiki ikainama, na tukawa tumesimama. Injini ikazima. Nilitazama chini nikaona alama ya karibu iko kando ya mguu wake, na ile ya mbali iko huko, mbali sana, peke yake.

Hatukushuka. Mdomo wangu ulikuwa karibu na sikio lake, nikamwuliza kwa sauti ya chini, swali ambalo nilishaapa sitaliuliza kwa sababu jibu lake niliamini litanitoa kwenye nyumba yake.

"Ingesimama?"

Aligeuza kichwa akaitazama ile alama ya mbali.

"Ingesimama," alisema. "Hata lori tusingeligusa."

Nilimpiga. Nilimpiga ngumi ya begani, na nyingine, kwa nguvu zangu zote za fundi cherehani, naye hakukwepa. Mkono ulipochoka niliuacha pale pale begani, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuuweka. Alikuwa analia kwa sauti, mtu ambaye msibani hakutoa chozi.

Binti yetu alikuja mbio, amechanganyikiwa, anamtazama huyu na huyu. "Mama? Baba? Mbona mnalia? Si mmesimama vizuri?"

Baba yake alivua kofia, akajifuta uso kwa kiganja, akampa.

"Rudi kule mwanzo," alimwambia. "Nami nasimama hapa kwenye alama. Njoo."